Waliokufa Wazima

Ukoo ule ulikuwa na sifa moja, na shangazi aliitembeza kama watu watembezavyo picha za harusi: hawaugui. Wengine wana kisukari, wengine presha, majirani wana pumu hadi paka wao anakohoa. Wao, hapana. Wao hufa tu, wakiwa na afya njema kabisa.

Basi fundi cherehani, binti mkubwa wa nyumba hiyo, alipompeleka mdogo wake hospitali kupasuliwa ngiri, shangazi alijialika. Mdogo mtu alikuwa kinyozi, jina la utani Chuma, kwa kuwa hakuwahi kumeza hata kidonge cha kichwa. Operesheni waliambiwa ni ndogo. Ni kweli, operesheni huwa ndogo kila anapolala mwingine kitandani.

Nesi alipofika kwenye swali la magonjwa ya ukoo, shangazi aliharakisha kumwambia aandike hakuna. Nesi akaandika hakuna. Fundi cherehani alikuwa na neno kooni, akalimeza. Tangu wamzike kaka yao, miaka miwili nyuma, alikuwa hodari wa kumeza maneno. Tena shangazi alishamwonya njiani: Chuma ana mchumba, na wakwe wana masikio marefu. Nyumba ikishasemwa kuwa inarithishana vifo, nani atatoa binti?

Kisha wakaingia kwa daktari wa usingizi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Akaeleza kwamba Chuma atachomwa sindano ya mgongo, afe ganzi kuanzia kiunoni, na nusu saa haiishi kazi imekwisha. Akamsikiliza moyo akiwa amelala. Akamwambia asimame, akasikiliza tena. Akarudia mara ya tatu, kama mgeni anayesikia panya darini na hataki kuwaaibisha wenyeji.

"Baba yenu alikufa na nini?"

"Hakufa na kitu," shangazi alisema. "Alikufa mzima."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mzima vipi, mama?"

Shangazi alikuwa akilingojea swali hilo maisha yake yote. Akajitengeneza kitini, akasimulia. Kaka yake aliinama kufunga kamba za viatu, ana miaka arobaini na moja na meno yote kinywani, hakuinuka. Mdogo wao alikimbilia basi, akalipata, hata kiti akapata, akafia hapo. Babu alikufa akicheka. Hakuna aliyemsumbua mtu hata kwa uji wa mgonjwa.

"Ndio hao tu?"

"Hao tu."

Fundi cherehani alitazama viatu vya Chuma. Kamba zilikuwa wazi.

"Bado mmoja," alisema.

"Nyamaza wewe."

"Kaka yetu, daktari. Mwalimu wa michezo, miaka ishirini na tisa. Alipuliza filimbi kuanzisha mbio, watoto wakakimbia, yeye akaanguka. Walimaliza mbio kwanza. Walidhani anawatania."

Daktari akalifuta lile neno hakuna kwenye fomu, akamwandikia Chuma picha ya moyo. Msuli wa moyo ulionekana umenenepa hadi unaibana njia ya damu. Shangazi alikuwa akisema siku zote kwamba wao ni watu wenye moyo mkubwa. Kumbe alikuwa anatoa taarifa ya kitabibu. Ugonjwa huo, daktari alieleza, hurithiwa. Ile sindano ya mgongo ingeishusha presha ghafla, na moyo kama huo, ukikosa damu ya kutosha ndani, hujikamua mtupu na kusimama.

Lakini ngiri nayo ilikuwa imeanza kubana utumbo, isingengoja. Wakampanga wa kwanza asubuhi asije akaishiwa maji mwilini kwa kukaa na njaa na kiu, wakamtundikia dripu mapema, wakampa dawa ya kuutuliza moyo usikimbie, wakamlaza usingizi kamili, polepole, daktari wa moyo akiwa amesimama pembeni. Operesheni ndogo ikajaza chumba. Nje, shangazi alikaa saa tatu bila kusema neno. Huo ulikuwa muujiza wa kwanza wa siku.

Wa pili ulifumbua macho, ukajipapasa chini ya kitovu.

"Nani amenyoa hapa?" Chuma aliuliza. "Mkono mbaya huyo."

Fundi cherehani alicheka hadi akalia, halafu akalia tu.

Ikaamriwa ukoo mzima upimwe. Kufikia wiki iliyofuata shangazi alikwisha kuwa bingwa, akiwaeleza wagonjwa wenzake foleni nzima kwamba huu si ugonjwa wa kila mtu. Fomu yenye swali la magonjwa ya ukoo ilipomfikia, akaisoma hadi mwisho. Kisha akamsukumia fundi cherehani.

"Andika wewe, mwanangu. Anza na kaka yako."

Nafasi iliyoachwa ilikuwa ya neno moja. Akageuza karatasi nyuma, akaanza na filimbi.