Lenzi ya Milimita Nne

Nong Pisto alirudisha lenzi ya milimita tano siku ya Jumanne asubuhi, akaiweka juu ya meza yangu katikati ya sahani nilizokuwa nafuta vumbi.

"Chafu," akasema. "Na hii pia, Day. Ina uzi ndani."

Nikaichukua nikaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Nina miaka kumi na tisa nauza mitumba ya Kijapani hapa Mandaue, Ufilipino: vyombo, baiskeli, vijiti vya gofu. Kila kontena likifunguliwa halikosi darubini moja ya kutazamia nyota, ya mzee fulani wa Osaka aliyekufa na wanawe hawaitaki. Lenzi chafu naijua hata nikiwa nimefumba macho. Hii ilikuwa safi kuliko miwani yangu.

"Sioni uzi, Nong."

"Basi macho yako yamezeeka."

Alisema hivyo mzee wa miaka sabini na mbili, ananizidi miaka kumi na minne. Mimi humwita Nong kwa heshima ya umri, naye huniita Day kama anavyowaita wanawake wote waliomfuata kuzaliwa, hata mke wa meya. Alikuwa mchoraji wa ramani kwenye karakana ya meli mpaka alipostaafu. Sayari ya Mshtarii alianza kuichora zamani kabla ya hapo, kwa penseli, kila msimu, miaka thelathini na moja, jicho la kulia kwenye darubini na ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto wa chekechea. Kwenye chama chetu cha watazamaji wa nyota wengine wote wana kamera. Yeye ana penseli na kichongeo chake.

"Nipe ya milimita nne," akasema.

"Ya nne ni kali mno kwa darubini yako. Utakuza picha mara mia tatu. Itakuwa kubwa, kweli, lakini itafifia, na hewa nayo itatetemeka humo humo. Bora urudi kwenye ile ya sita."

"Nilikuja kununua lenzi au kusikiliza hotuba?"

"Hununui. Wiki ya tano sasa unaazima na kurudisha."

"Nitanunua ile itakayolionyesha doa vizuri," akasema. "Tukipeleka taarifa, wataalamu watatuuliza ukubwa wake na mahali pake hasa. Na jina lako limo, usisahau."

Nilikuwa sijasahau. Tangu Februari sijawahi kulala nikasahau.

Chama chetu kina desturi moja. Mtu akiona kitu kipya angani, taarifa haiendi popote mpaka mtu wa pili aweke jicho kwenye darubini ile ile, jioni ile ile, kisha atie saini chini ya mchoro. Tuliiweka desturi hiyo baada ya mwenzetu mmoja kuutangazia ulimwengu nyota mpya ambayo kesho yake ilionekana kuwa taa ya mnara wa simu. Sasa mtu wa pili, kwa doa la Nong Pisto, nilikuwa mimi.

Ilikuwa Jumamosi, tuko juu ya paa la duka langu, watu wanane, tunakula puso, wali uliopikwa ndani ya majani ya mnazi, na nyama ya nguruwe ya kuchoma, Mshtarii iko juu kabisa ya vichwa vyetu. Nong Pisto alikuwa na lenzi yake ya zamani, ya milimita tisa. Ghafla akajiondoa kwenye darubini.

"Kuna doa," akasema. "Jeusi. Liko kwenye mkanda wa kusini, na mkanda wenyewe umepinda hapo. Kuna kitu kimeanguka kwenye Mshtarii."

Kwa watu kama sisi maneno hayo ni makubwa. Jiwe likianguka kwenye Mshtarii huacha kovu jeusi, na anayeliona kwanza jina lake halifutiki. Rudel akainuka akaenda kutazama. Rudel ni karani wa benki, kamera yake ina bei ya pikipiki, na mdomo wake hauna breki.

"Nong, huyo ni mbu," akasema. "Mpe damu kidogo aondoke."

Watu wakacheka. Akatazama tena. "Au ni mafuta ya nguruwe. Umekula, umejifuta, yamepanda kwenye kope." Wakazidi kucheka. Nikamwangalia Nong Pisto. Alikuwa anatabasamu nao, lakini amekumbatia ubao wake wa kuchorea kifuani kama mtu anayeogopa kuporwa.

Nikaenda nikatazama mimi. Hewa ilikuwa imetulia ajabu. Niliona ile mikanda miwili ya mawingu ya kahawia imenyooka, na mwezi mmoja wa Mshtarii ndio kwanza unajitenga pembeni. Sikuona doa.

Rudel akasema nyuma yangu, "Haya, Mama Mitumba, tuambie umeona mbu dume au jike."

Mimi hasira zangu naziachia kwanza, akili hunifuata baadaye. "Naliona," nikasema. "Lipo pale pale aliposema. Wewe umezoea kutazama mbingu kwenye kompyuta, jicho limekufa ganzi." Nikamnyang'anya Nong Pisto penseli, nikatia saini mbele ya wote. Rudel akarudi kwenye kamera yake. Furaha yangu ilidumu mpaka niliposhuka ngazi.

Wiki iliyofuata Rudel alileta picha alizopiga jioni ile ile. Hazikuwa na doa. Nong Pisto hakuzitazama hata mara mbili. "Kamera yako inachanganya picha elfu na kulainisha kila kitu," alimwambia. "Day aliliona kwa jicho lake." Ningesema nini? Kila siku niliyonyamaza iliifanya siku ya kusema kuwa ngumu zaidi, na mimi, mwanamke ninayeweza kumfukuza dukani mteja aliyepunguza bei vibaya, nilikuwa namwogopa mzee mwenye penseli.

Basi akaanza kutafuta lenzi. Nikampa ya sita, akasema haina mwanga. Nikampa nyingine ya sita ya kiwanda kingine, akasema inapindisha mistari. Nikampa ya tano, ndiyo hii aliyosema ina uzi. Zote nilizijaribu mwenyewe juu ya paa na zote zilikuwa nzima. Hapo ndipo wasiwasi uliponianza, kwa sababu lenzi tatu haziwezi kuugua ugonjwa mmoja. Lakini kumwambia kwamba tatizo ni jicho lake kulikuwa ni kumwambia kwamba doa halikuwepo, na mimi nilikwisha kutia saini kwamba nimeliona.

"Ya nne ninayo," nikamwambia Jumanne ile. "Lakini utaijaribu kwangu, nikiwa nimesimama hapo, pamoja na ya tisa na ya sita. Mchoro kwa kila lenzi."

"Sasa unaongea kama mtu wa chama," akasema.

Alhamisi saa moja jioni akaja, tukapanda juu ya paa. Ile lenzi ya nne ni ya zamani, tundu lake ni dogo hata kope zinagusa kioo ukitazama. Nikamshikia taa nyekundu. Fomu zetu za kuchorea zina duara lililochapwa tayari, la ukubwa mmoja kwa wote, ili michoro iweze kulinganishwa. Alianza na ya tisa, akachora doa kubwa kama punje ya hindi. Kwa ya sita likawa kama punje ya mchele. Kwa ya nne alikaa muda mrefu, anapumua kwa pua, kisha akachora doa kama punje ya mtama.

"Umeona?" akasema. "Sasa mipaka yake iko wazi. Hii naichukua."

Akaziweka fomu tatu sambamba juu ya tangi la maji apate kuziandikia saa. Nikaona penseli yake imesimama hewani. Mtu aliyechora ramani za meli miaka thelathini na tano hahitaji kufundishwa vipimo na mtu wa mitumba.

"Mbona linapungua?" akasema polepole. "Nyumba ikikuzwa, mlango unakuzwa nayo."

Nikaisogeza taa karibu na fomu.

"Na halijatembea, Day. Imekwisha karibu saa nzima. Mshtarii inazunguka, kila kilicho usoni mwake kimesogea. Lenyewe limeganda." Akageuka kunitazama, kichwa amekiinamisha upande kidogo. "Hebu tazama wewe."

Nikatazama. Mshtarii ilikuwa inatetemeka kwa ukali wa lenzi, lakini ilikuwa nzima. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo niliufungua kabisa, na kilichotoka ni, "Hewa imeharibika, Nong, sioni vizuri."

Nilijichukia, nawaambia. Lakini nilifanya jambo moja. Nikawasha taa ya ngazini, nikamwelekeza kwenye dirisha lenye nondo.

"Ziba jicho la kushoto. Tazama zile nondo kwa la kulia peke yake."

Akaziba kwa kiganja, akatazama kitambo.

"Nani kazipinda?" akauliza.

Kesho yake tulikuwa wa kwanza kwenye foleni ya daktari wa macho. Ni binti mdogo, mpole, anaongea huku anaandika. Alimtia matone, akampiga picha ya nyuma ya jicho, akatuita tukakaa wote wawili. Akasema kuna mishipa midogo imeota mahali isipotakiwa, ikavuja damu pale pale katikati, mahali mtu anapotumia kusoma na kutazama sura za watu. Jicho la kushoto lilikuwa linamfichia. Akiwa na macho yote mawili hakuweza kugundua, ila kwenye darubini, anapotumia moja.

"Ulianza kuona doa lini, Tatay?" akamuuliza, akimwita baba kwa heshima.

"Tarehe nane Februari," Nong Pisto akajibu, "saa moja na dakika ishirini na mbili jioni."

Daktari akaacha kuandika. Katika kazi yake, alisema, hajawahi kupata mgonjwa anayejua dakika. Kisha akasema na mengine, taratibu. Kwamba kuna sindano. Kwamba ingechomwa Februari, au hata mwanzoni mwa Machi, kulikuwa na matumaini makubwa ya kuokoa sehemu ile. Sasa pameshafanya kovu. Atachoma sindano ili lisizidi kuenea, na jicho la kushoto watalilinda, lakini katikati ya jicho la kulia hapatarudi kama zamani.

"Unaweka kumbukumbu za dakika, Tatay. Mbona hukuja?"

Nong Pisto akacheka kidogo. Hakuwa na hasira na mtu. "Ningekujaje? Mimi nilijua liko kule juu. Sikuwa peke yangu, daktari. Huyu Day naye aliliona, tena akatia saini."

Daktari akanigeukia, uso umebadilika. "Na wewe uliona doa? Jicho gani?" Akaanza kuvuta glavu mpya kwenye boksi. "Basi kaa kwenye kile kiti nikutie matone. Usiondoke leo bila kupimwa."

"Macho yangu ni mazima," nikasema.

"Tarehe nane Februari uliona doa jeusi. Hilo si jambo la kuchezea, mama. Kaa."

Nikabaki nimesimama. Kile kiti kilikuwa hatua mbili kutoka nilipo. "Sikuona kitu," nikasema.

Daktari akanitazama, akamtazama Nong Pisto, akarudisha glavu kwenye boksi. Nong Pisto alikuwa ananitafuta kwa macho yake yaliyopanuliwa na matone. Nadhani nilikuwa kivuli tu mbele yake.

"Ulitia saini," akasema.

"Nilitia."

"Kwa nini, Day?"

"Rudel alikuwa anakucheka."

Nilipolisema lilikuwa neno dogo sana. Mle ndani ya chumba, mbele ya ile picha ya jicho iliyobaki inawaka kwenye kioo cha kompyuta, lilikuwa dogo hata nikatamani kungekuwa na sababu nyingine, mbaya zaidi, ilimradi kubwa. Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana. Alikaa ameshika magoti yake, na daktari akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Jioni ile," Nong Pisto akasema hatimaye, "ulipotazama kwenye darubini yangu. Kulikuwa na nini?"

"Mikanda miwili, Nong. Na mwezi mmoja ndio kwanza unatoka pembeni."

"Upande gani?"

"Magharibi."

Akatikisa kichwa kukubali. Huo mwezi, alisema, aliukosa. Kisha mkono wake ukaanza kuchora duara juu ya goti, duara lile lile la fomu zetu, akarudia mara mbili, tatu, akafika katikati akasita.

"Na mkanda wa kusini?" akauliza. "Ulikuwa umenyooka?"

"Ulikuwa umenyooka, Nong," nikasema. "Wote."