Mkubwa Akitangulia, Subiri Upepo Wake

Jana usiku niliota nimo ndani ya ndege ndogo inayoteremka Mwanza. Rubani ni mdogo wangu Milembe. Hilo si ajabu, hata nikiwa macho yeye ni rubani. Ajabu ni kwamba mhudumu alikuwa birika la marehemu baba, limevaa tai.

"Chai, bwana mkubwa?"

"Ina sukari?"

"Ina chumvi. Baba yako aliinywa hivyo mpaka mkamzika, leo wewe ndiye wa kudeka?"

Nikapokea kikombe.

Mbele yetu inateremka ndege kubwa kama mtaa mzima. Imejaa wafu, wametulia, mikanda wamefunga. Kwenye dirisha la nyuma kabisa yupo baba na kofia yake ya sufu. Milembe kamwona. Anamkimbilia.

"Ndege ndogo, rudi nyuma," sauti ya mnara wa kuongozea ndege inasema. "Mkubwa akipita, subiri upepo wake utulie."

"Alikata roho niko angani," Milembe akajibu. "Sikumuaga. Namuaga tu, nageuza."

Huyu msibani hakutoa hata chozi. Watu walisema amekuwa mkavu kama bati.

Mabawa ya mkubwa yalikuwa yameacha upepo nyuma, na upepo huo ulikuwa pacha, Kulwa na Doto. Kulwa akadaka bawa letu la kushoto, akalivuta chini. Doto akalisukuma la kulia juu. Tukapinduka.

"Shikamooni," nikasema. Kuning'inia kichwa chini si sababu ya kukosa adabu.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, ila nimepinduliwa."

"Anayemfuata mkubwa kwa karibu tunampindua. Chuki hatuna. Ndiyo kazi."

Chai ikatoka kikombeni, ikapanda darini, ikabaki huko. Kiti changu kikawa benchi la msibani. Chini hakuna ziwa tena. Kuna shimo, udongo mbichi pembeni, na linakuja kwa kasi. Milembe kalielekezea pua ya ndege.

"Milembe, hapo si uwanja!"

"Naona taa, kaka."

"Hizo si taa. Ni mishumaa ya kaburini!"

Hakunisikia. Alikuwa akimtazama baba, na baba akagonga kioo kwa kidole, kama alivyokuwa akigonga meza tukichelewa kula.

"We mtoto! Tangu umeanza kutembea unanikanyaga visigino. Haya, umeshaniaga. Geuza!"

Akashusha kifuniko cha dirisha. Pap.

Milembe akavuta usukani kwa mikono miwili. Ndege ikalalama, ikainua pua, ikapaa kuzunguka upya. Pacha wakaachia mabawa, wakapangusa viganja.

"Mna bahati," Kulwa akasema. "Wengi huwa tunawakabidhi kaburini."

Nikaamka. Kumekucha. Milembe kasimama mlangoni kwangu na sare yake ya kazi, leo anarudi angani mara ya kwanza tangu msiba.

"Kaka, chai imefikaje darini?"

Nikatazama juu. Doa la kahawia, bado bichi, linavuja. Tone likamdondokea mkononi. Akalilamba, nusu kwa utani.

"Ina chumvi," akasema.

Kisha akaketi kitandani kwangu, sare na yote, akamlilia baba.