Fundi wa Gemu la Baba

Nilianza kumtilia shaka Lukas siku aliponyanyua kitambaa changu kutoka juu ya mashine ya gemu, kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya aliyekufa. Kitambaa kile nilikifuma mwenyewe, cha maua, na pembe zake nilizitia wanga zikasimama. Sebuleni kwetu hapa Mingoyo kila kitu kina kitambaa chake: televisheni, redio, friji, hata jagi la maji. Sasa mtu anakuja na bisibisi mfukoni na kukwambia, "Dada Helena, hiki ndicho kinacholiua. Gemu halipati hewa."

"Limekuambia lenyewe?" nikamuuliza.

Akacheka. Mimi sikucheka.

Gemu lenyewe alilileta kaka yetu Edwin kutoka Dar, baba alipofanyiwa upasuaji wa nyonga. Alidhani litamchangamsha mgonjwa kwa muda kisha litakaa kabatini. Weee. Baba yetu, Mzee Benedicto, aliyemaliza umri wake kwenye mikorosho ya Milola na hakuwahi kushika hata simu ya kubonyeza bila kulalamika, alilowea. Kila jioni alikaa kwenye kochi, fimbo pembeni, pedi ya kuchezea gemu mkononi, akicheza mpira na mdogo wangu Rosemary. Aliwagombeza wale wachezaji wa kwenye kioo kana kwamba ni vibarua wake. Rosemary alikuwa akimwachia ashinde, na baba alikuwa anajua, na wote wawili walifurahi hivyo hivyo.

Kisha gemu likaanza kupata moto na kujizima katikati ya mchezo. Baba akawa anabaki na pedi mkononi, anautazama weusi wa kioo. Nilimwonea huruma, lazima niseme.

Ndipo akaja Lukas, fundi wa simu na redio pale njia panda. Hakuitwa na mtu. Alikuwa na sababu yake nyingine: barua yake ya posa ilikuwa tayari imeingia nyumbani kwetu, anamtaka Rosemary. Mjomba Valentini alishakubali, na kwetu Wamakonde mjomba akikubali, kazi kubwa imekwisha. Lilibaki neno la baba. Baba alisema, "Nitajibu," akarudi kwenye mpira wake.

Basi Lukas alitandika kanga ya Rosemary kwenye mkeka, akalifungua gemu. Nilimsimamia kama mlinzi wa benki. Alitoa vumbi kwa brashi, akapuliza kwa mdomo, akafuta dawa ya zamani iliyokauka juu ya prosesa, ule ubongo wa gemu, na kupaka nyingine nyeupe, akisema hiyo ndiyo inayolivuta joto litoke. Nilitazama kila kitu. Halafu wali ukaanza kunukia jikoni harufu ya kuungua, nikakimbia. Niliporudi alikuwa anakaza skrubu za mwisho.

Hapo ndipo aliponiachia kidonda cha shaka. Alifanya nini nilipokuwa jikoni? Rosemary alikuwepo, ndiyo, lakini Lukas akiwa chumbani Rosemary haoni kitu kingine. Alipoondoka nilichukua rangi yangu ya kucha nyekundu nikatia tone juu ya kila skrubu. Akirudi kulifungua bila mimi kujua, nitajua.

Gemu likafanya kazi vizuri kwa muda. Kisha alasiri moja likageuka. Feni ilianza kunguruma, ubavu wake ukawa wa moto kiasi cha kupasha chapati, na mchezo haukufika hata nusu, likazima. Lilikuwa baya kuliko kabla ya kutengenezwa.

"Ametoa feni nzima akaweka mbovu," nikasema. Sikusema moyoni tu. Nilimwambia jirani yetu Bi Esha, na Bi Esha anauza vitumbua penye kijiwe cha bodaboda, kwa hiyo kabla ya kesho yake jioni njia panda nzima ilikuwa imejua kwamba Lukas amemwibia mzee anayemposea binti. Watu walianza kwenda kwenye kibanda chake kuchukua simu zao hata kama hazijapona.

Nilimwambia baba pia. Nilitegemea atawaka. Baba ni mtu ambaye jembe likivunjika mpini anahoji kijiji kizima. Lakini safari hii alizitazama kucha zake, akasema polepole, "Mafundi ndivyo walivyo." Kisha akaongeza, "Basi jibu la posa lisubiri kwanza."

Niliuona ule upole wake, ukanishangaza. Nikausukumia kwenye uzee na maumivu ya nyonga. Shaka zangu zote nilikuwa nimeziweka kwa watu wa nje, sikubakiza hata moja ya kutumia ndani ya nyumba.

Lukas alikuja mara moja tu baada ya maneno kuenea. Hakufungua chochote. Aliweka kiganja kwenye vile vitundu vya pembeni, akainama, akanusa, akamtazama baba. Kisha akasimama akasema atarudi, akaenda zake. Nikamwambia Rosemary, "Umemwona? Dhamiri inamsuta." Rosemary alikuwa ameacha kunijibu tangu siku ya ule umbea wa vitumbua, na nilimsikia kupitia ukutani akilia, analia kwa kujizuia, kama anayeogopa kuamsha mtoto.

Nilichoka. Nikamtumia Lukas ujumbe: njoo ulifungue mbele yetu sote, au uje uchukue barua yako.

Alikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, fundi," baba akaitikia, bila kumtazama. Hakuwahi kumwita jina wala kitu kingine.

Lukas akaketi kwenye mkeka. Mimi nikamsimamia, Rosemary akakaa mlangoni. Kabla hajashika bisibisi alinionyesha skrubu. Matone yangu mekundu yalikuwa mazima. "Dada, hii ni rangi yako?"

"Ni yangu."

"Imeguswa?"

Nilivaa miwani, nikainama, nikatafuta ufa. "Haijaguswa," nikasema, na sikupenda kusema hivyo.

Akafungua. Alipoondoa lile ganda la juu, harufu ilitupanda puani sote kwa pamoja, na hakuna aliyehitaji kuelezwa ni ya nini. Kila mwaka kuanzia Juni tunapuliza unga wa salfa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na msimu mzima harufu hiyo inakaa kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye mto wa kulalia. Ndani ya gemu kulikuwa na njano tupu. Feni imevaa unga, na yale mabati membamba ya kupozea yalikuwa yamezibwa kabisa, hakuna hata pa kupitisha uzi. Na feni ilikuwa ile ile aliyokuja nayo kaka Edwin, yenye ule mkwaruzo niliouona siku Lukas alipolifungua mara ya kwanza.

"Umeimwaga wewe," nikamwambia. Ndiyo, hata hapo.

"Dada Helena, mimi sina hata mkorosho mmoja."

Ndipo nikakumbuka asubuhi moja niliporudi kutoka gengeni na kusikia mashine ya kupulizia salfa ikinguruma nyuma ya nyumba. Baba aliniambia anajaribu injini kabla haijapelekwa Milola. Sikuuliza zaidi, maana ni mashine yake.

Rosemary alishafika huko kabla yangu. "Baba," akaita.

Baba alikohoa. "Lilianza tena kuwa na uvuguvugu. Nikamkumbuka huyu jinsi alivyokuwa anapuliza. Kwa mdomo. Sasa kwa mdomo utapata upepo gani? Mimi nina mashine inayofika kileleni mwa mkorosho, nikaielekeza kwenye vile vitundu vya pembeni." Alijikuna shingo. "Tangi nililikung'uta vizuri sana."

"Bomba je?" Lukas akauliza kwa upole.

"Bomba sikulikumbuka."

Kicheko kilinijia, na kama ingekuwa siku nyingine ningekitoa. Nilimwona baba yangu akiwa ameinama juu ya gemu lake na ule mdomo mpana wa kupulizia miti, anafanya usafi. Lakini Rosemary alikuwa amesimama.

"Dada aliposema Lukas ni mwizi, ulikuwa umekaa hapo hapo. Ukanyamaza."

"Mwanzoni niliona aibu."

"Na baadaye?"

Baba aliigeuza pedi mikononi. "Baadaye niliona jibu linasogea mbele. Wewe upo. Jioni unakuja kukaa hapa na mimi, hata likizima. Sikuona ubaya wake."

"Nilikuwa nalia, baba."

"Nilikuwa nasikia," akasema baba.

Mimi ambaye namshuku muuza mkaa, namshuku mpima maji, namshuku hata padri akichelewa, sikuwahi kumshuku mtu ninayempelekea chai kila asubuhi. Nilimkasirikia. Na kwa kuwa hasira yangu haijui kukaa bila kazi, nilimgeukia Lukas. "Na wewe ulijua. Siku ile uliponusa."

"Nilijua."

"Ukaacha watu wakutukane?"

"Ningesema nini, dada? Nimeleta posa nyumba hii. Nimwambie mzee mbele ya mabinti zake kwamba yeye ndiye aliyeharibu? Nilisubiri aseme mwenyewe."

Alirudi kwenye kazi yake. Alisafisha bati moja moja, akafuta feni kwa pamba na spiriti, akapaka ile dawa nyeupe upya, akafunga. Lilipowashwa lilivuma kidogo, kwa adabu. Alilisogeza mbali na ukuta, na kitambaa changu akakikunja, akanikabidhi mkononi. Nilikipokea.

Baba akasafisha koo. "Fundi, waambie wazee wako waje kesho baada ya misa. Nimekubali."

Nilitegemea kijana aruke kwa furaha. Yeye aliendelea kukusanya bisibisi zake. "Hapana, baba. Leo mna aibu, na jibu la aibu sitaki. Humu ndani mmeshajua. Kule nje mimi bado mwizi, na mama yangu anaulizwa kila anapokwenda kuchota maji." Akasimama, akainamisha kichwa kumuaga mzee, akamtazama Rosemary kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mbele ya baba wa binti, akatoka.

Rosemary hakumfuata. Alibaki ameegemea mlango, mikono kifuani, anamtazama baba. Hakumlaumu tena. Alisubiri tu.

Baba akaitafuta fimbo yake. Tangu upasuaji alikuwa hajatoka nje ya uzio. Nilipotaka kumshika kiwiko, Rosemary alitikisa kichwa, nikamwacha. Alitoka peke yake, akavuka kishamba chetu cha mihogo, anapumzika kila baada ya matuta machache, hadi ukingoni mwa barabara. Lukas alikuwa tayari mbele, anakaribia kijiwe cha bodaboda. Vijana walikuwa wamejilaza juu ya pikipiki zao, na mmoja alikuwa akimwambia kitu cha kumkejeli, nadhani, maana wenzake walicheka.

Baba akajaza kifua. "Mkwe," akaita.

Sauti ilitoka na mikwaruzo, lakini ilitoka. Lukas alisimama. Vijana wa karibu wakageuza shingo, wakamtazama mzee, wakamtazama Lukas, na kicheko kikawaishia.

Nilimtazama Rosemary. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mwambie aite tena," akaniambia. "Wale wa upande wa pili hawajasikia."

Nilishuka barazani. Nilipita kwenye mihogo, nikasimama pembeni ya baba, kitambaa bado kiko mkononi. Nikampa ujumbe wa binti yake. Baba akaita tena, kwa nguvu zaidi, "Mkwe." Na mimi, niliyeanzisha yote kwa mdomo huu huu, nikaufungua pale pale mbele ya kijiwe kizima nikaita, "Shemeji, rudi nyumbani."