Lami Isiyojua Moto

Ngui hakuweza kutulia. Alisimama, akachuchumaa, akasimama tena, bendera nyekundu mkononi. Mtu aliyechochea moto wa lami miaka kumi na minne, ambaye akitazama moshi tu anajua imeiva au bado, leo kapewa kitambaa azuie magari! Na lami yenyewe, tuseme ukweli, ni lami gani hii? Asubuhi ilimiminwa kutoka kwenye mapipa ikiwa baridi, rangi ya chai ya maziwa, ikatupiwa kokoto juu, ikashindiliwa, basi. Hakuna kuni, hakuna moshi, hakuna wa kuunguza nyusi.

Mwaka huo wa 1974 mafuta yalikuwa yamepanda bei mpaka kontrakta akachoka kuchemsha. Nyapara wao, Gerishon, akaamriwa aijaribu lami baridi kwenye barabara ndogo karibu na maduka ya Adams Arcade. Ikishika, moto unazimwa kabisa, na kati ya wachochea moto wawili, Ngui na Kiragu, atabaki mmoja. Isiposhika, wote wawili wanarudi motoni.

"Hakuna gari kupita mpaka igeuke nyeusi, hapo ndipo imeshika," Gerishon aliwaambia kabla hajaenda zake ofisini. Ngui alisimama mwanzo wa barabara, Kiragu akasimama mwisho wake. Walikuwa wamekula sufuria moja tangu wakiwa vibarua.

Mchana kutwa Ngui aliitazama barabara ile. Saa saba, kahawia. Saa nane upepo ukavuma na kutimua vumbi la kando, yeye akajifuta macho na kuangalia tena. Kahawia vilevile. Saa tisa pia. Akaanza kutamani jambo asilothubutu kulitamka.

Ndipo likaja lori la Mbarak, dereva wa Mombasa, limesheheni magunia ya unga.

"Mzee wangu, njia hii mwaifungua lini? Nina mzigo wa duka moja hapo ndani, kisha niwahi mtaa wa Satellite kabla ya jua kuchwa."

"Ngojea kidogo, dereva. Hii kitu haijashika."

"Hiyo kidogo yenu naijua, ni saa nzima, bwana!"

Ngui aliyatazama magurudumu yale. Yangeichuna lami mbichi yote, kokoto zikaruka mpaka mtaroni, na kesho Gerishon angeagiza kuni. Naam, alitaka iharibike. Alitaka hivyo kwa roho yake yote. Akateremsha bendera.

"Haya, pita."

"Ngui! Bado! Bado!" Kiragu alipiga kelele kule mwisho, akaja mbio huku akipunga mikono. Lori likapita. Magurudumu yakapeperusha vumbi, na chini ya vumbi barabara ilikuwa nyeusi tititi. Hapakung'oka hata kokoto moja. Kahawia ile aliyoikodolea macho tangu upepo wa saa nane ilikuwa vumbi tu.

Gerishon, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye pikapu, aliyaona yote. Aliinama, akachokoa lami kwa ufunguo, ikakataa.

"Ngui, wewe umejuaje? Hata mimi ningesema bado. Na huyu alikuwa anakupigia kelele usifungue!"

Ngui aliikunja bendera yake.

"Injinia anataka mtu wa kupima kama imeshika. Basi nimepata. Kiragu, pole sana, wewe utamaliza huu mwezi."

Ngui akafungua kinywa. Maneno yalikuwa machache tu: nilitaka kuiharibu. Aliwafikiria watoto wake, akakifunga. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

Gerishon alipokwisha kuondoka, Kiragu alimshika mkono.

"Hongera, ndugu yangu. Kazi imekwenda kwa mwenye macho. Lakini niambie, uliona nini? Mimi nimeona kahawia tu."

"Ni mazoea," Ngui alisema, akitazama pembeni.

"Basi nionyeshe. Pengine huko nitaenda kutafuta kazi wataniuliza kama hii lami naijua."

Kiragu alikwisha kuchuchumaa, anangoja. Ngui akachuchumaa karibu naye. Akabonyeza lami kwa kidole gumba mahali patatu, popote tu mkono ulipoangukia, na kila alipobonyeza, Kiragu alibonyeza papo hapo baada yake, polepole, asije akasahau.