Aliyelala Juu ya Wikio

Wiki ya kwanza ya hesabu ya watu ilimtia Bwana Jeilani aibu. Alikuwa karani mgeni, mtu wa Mombasa, na alidhani kazi ni nyepesi. Mpiga mbiu alipuliza pembe mtaa kwa mtaa, tangazo likasomwa baada ya sala ya Ijumaa, kisha yeye akaketi na karatasi zake kwenye madaka, vibaraza vya milangoni, mtaani Mkomani kuwauliza waume wa nyumba. Akapata majibu ya mkato. Nyumba ya ghorofa mbili, yenye kisima chake, ilitoa watu watatu, wote wanaume. Wake hawatajwi mbele ya mgeni, watoto hawahesabiwi kwa kuogopa jicho, na wengine walimwambia usoni kuwa serikali haihesabu vichwa ila inapotaka kodi.

Ndipo alipotafutwa Khairiya. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amesoma mpaka darasa la sita, na mji mzima wa Amu ulimjua ni binti wa nani. Yeye aliweza kupanda ngazi mpaka vyumba vya ndani. Akaona upesi kwamba kalamu haitolewi mwanzo. Unaketi, unapokea kahawa, unasikiliza habari za magoti na za mkwe, unaeleza kwamba ofisi inataka kujua idadi ili dawa zisipungue hospitalini, ndipo unafungua karatasi. Kwa siku nane alimaliza nyumba arubaini. Bwana Jeilani akaanza kuandika daftari la mambo waliyojifunza, apate kulipeleka ofisini kazi ikiisha.

Siku ya mwisho zilibaki nyumba mbili za ndugu wawili, Bi Alawiya na mdogo wake Bi Saadiya. Baba yao aliwajengea zikielekeana, na juu ya njia akatupa wikio, chumba chembamba cha kuziunganisha, ili wanawe wasihitaji kushuka chini kutembeleana. Ndani ya wikio hilo kulikuwa na kitanda cha kamba na sanduku. Khairiya alilipita mara mbili siku ile, akimkuta bibi kizee akichambua mchele. Alikuwa Barka, aliyezaliwa nyumbani kwa wazee wao enzi ambazo watu walikuwa bado wakimilikiwa.

Kwa Bi Alawiya aliandika watu saba. Alipouliza habari za Barka, akaambiwa huyo ni wa kwa Saadiya. Kwa Bi Saadiya aliandika watano, akaambiwa Barka ni wa kwa dada, kule ndiko anakopika. Walisema kwa upole, kama watu wanaosukumiana sahani ya mwisho. Khairiya alifahamu. Karatasi ilikuwa na safu ya kueleza kila mtu ni nani kwa mwenye nyumba. Ukisema mtumishi, utaulizwa mshahara. Ukisema jamaa, watu wa mtaa watacheka. Na neno la zamani hakuna aliyetaka kulitoa kinywani.

Angeweza kufunga karatasi akaenda zake. Lakini Barka asipoandikwa jioni ile, hesabu ingefungwa naye hayumo duniani. Akarudi kwenye wikio, akaketi sakafuni, akamsaidia kuchambua.

"Bi Barka, wewe ni nani kwao?"

Kizee hakuinua macho. Alisema jina lake ni Barka binti Farjalla, hilo kwanza aliandike. Kisha akasema, "Wote wawili nimewanyonyesha. Kama pana pahali pa hilo, tia."

Khairiya alijua kutoka chuo cha Kurani kwamba aliyekunyonyesha ni mama yako, na kwamba jambo hilo halichezewi. Akaandika mama wa kunyonya kwenye karatasi ya Bi Alawiya, anakopika. Akaenda kwa Bi Alawiya kumsomea, maana sharti mwenye nyumba asomewe kabla ya kutia sahihi.

"Futa," akasema Bi Alawiya.

"Ukiniambia ni uongo, Bi, nitafuta."

Bi Alawiya alitazama kalamu. Hakuweza kusema ni uongo. Mwishowe akasema Saadiya naye alinyonya, basi akaandikwe huko. Khairiya akajibu kwamba yeye hawezi kumchagulia mtu nyumba, na kwa kuwa wikio si la huku wala la huko, aulizwe mwenyewe.

Barka akaja, akasimama mlangoni, unga wa mchele mikononi. Khairiya akamwuliza aandikwe wapi.

"Niandike kwa Alawiya," akasema. "Saadiya alipozaliwa mimi sikuwa tena na mtoto, ila maziwa yalikuwa hayajakata. Maziwa aliyonyonya yalikuwa yake tu. Lakini wewe, Alawiya, ulizaliwa mwezi mmoja na mwanangu. Mama yako alikuwa na homa, nikaambiwa nikupe wewe kwanza, wangu apate yatakayosalia. Hayakuwa yakisalia. Hakufika kutambaa." Akajipangusa mikono. "Kwako nina haki. Kwa Saadiya ningekuwa mgeni."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetaja kiasi cha chumvi. Bi Alawiya, mwanamke wa miaka arubaini na sita aliyezoea kusema la mwisho, aliketi mikono mapajani, wala asijue auelekeze wapi uso wake. Kisha akavuta karatasi, akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, polepole, chini ya mstari wa nane.

"Alikuwa akiitwa nani?" akauliza.

"Yunusi."

Khairiya alishika kalamu asijue pa kulitia jina hilo. Karatasi ilikuwa ya walio hai. Akangoja, pengine mmoja wao aseme neno. Barka akarudi kwenye mchele wake, na baada ya muda Bi Alawiya akainuka, akamfuata.

Jioni Bwana Jeilani alifungua daftari lake, akamwuliza Khairiya amejifunza nini cha kuwafaa watakaohesabu baadaye. Akamwambia aandike kwamba kila mtu aulizwe kwa kinywa chake mwenyewe, asijibiwe na mwingine. Karani akaona ni jambo zuri, akalipigia mstari. Akauliza kama pana jingine. Khairiya akafunga buibui lake, akasema hapana.