Vichwa vya Ukumbi wa Kalin

…na wanacheka tena, watakosaje kucheka, Kalin akitaja hata bei ya kabichi watacheka, mimi ukumbi huuhuu nimefundisha matao ya madaraja tangu yeye anakaa pale nyuma na chunusi zake, nani aliwahi kucheka, sasa kawasimamisha wasichana wawili waegemeane kwa viganja, “Sukumaneni! Vesela, ukilegea mwenzako chini, na daraja limekwisha!”, michezo ya chekechea, na mkaguzi wa ubora, Bwana Terkelsen, katoka Denmark kuja kuamua somo hili abaki nalo Kalin au nirudishiwe mimi, amekaa hapa ubavuni kwangu, roho inaniuma, asubuhi nimemkuta Kalin ngazini anakula banitsa, andazi la jibini, na wanafunzi, makombo yamejaa ndevuni, wanamwita kwa jina kama kaka yao, mimi wakiniona wanashusha sauti, haya, mgema akisifiwa… “Mmeelewa?” anauliza, na ukumbi mzima unatikisa kichwa, kulia kushoto, kulia kushoto, ndiyo, ndiyo, ndiyo, na Terkelsen ananiinamia, “Maskini, hakuna hata mmoja aliyeelewa,” ananong'ona, jana tu ndiyo kaingia Bulgaria, hajui kwamba kwetu kichwa kwenda kulia na kushoto ni kukubali, na juu na chini ni kukataa, neno moja tu, najiambia, Zdravka, mwambie… nimwambie nini, kwani nimeulizwa, mkaguzi si ana macho, somo litarudi kwangu, ukumbi utatulia, kila mtu na daftari lake… kwangu mimi hawakuwahi kutikisa kichwa, nilidhani ni heshima… “Sasa mzigo!” anasema Kalin, anatundika begi lake juu ya mikono yao, nao hawaanguki, wanabanana zaidi, kumbe mzigo wenyewe ndio unaowashikanisha, miaka yote nimeiandika hesabu yake ubaoni na sijawahi kuiona, rudia, Kalin, hebu rudia… “Hata wewe hujaelewa, Profesa?” ananong'ona Terkelsen kwa huruma, kwa sababu kichwa changu kinakwenda kulia na kushoto, chenyewe, sikukituma, na mimi, Mungu anisamehe, nakiinua na kukishusha, kwetu hiyo ni hapana, kwake ni ndiyo, sijasema uongo, ananipapasa mkono, na sijawahi kujionea haya namna hii, na Kalin amegeuka, ananitazama mimi, mwalimu wake, anatabasamu, “Kuna swali?”