Vizulia vya Bibi Fundi

Kwa miaka tisa Kiwiko hakuwahi kutumia ufunguo wa nyumba ya Bibi Fundi. Alikabidhiwa na shirika lake la huduma za majumbani, naye akauacha mfukoni mwa sare ulie bure. Alibisha mara tatu, akasubiri. Ndani angesikia miguu ya bibi ikija, polepole lakini bila kusita, kisha komeo linavutwa na sauti inasema, "Umechelewa." Hakuwahi kuchelewa hata siku moja, na bibi alilijua hilo vizuri.

Kiwiko ni jina la kazini. Zamani, kabla wahudumu hawajagawiwa vipimajoto, alipima maji ya kuogesha wagonjwa kwa kiwiko cha mkono. Hata sasa, akishatumia kipimajoto mbele za watu, huchovya kiwiko kwa siri ili roho yake itulie. Wenzake humcheka. Wacheke tu, hajamuunguza mtu.

Bibi Fundi alishona nguo miaka hamsini mpaka macho yakamwisha, akabaki na mwanga wa kujua dirisha liko upande gani. Lakini ndani ya nyumba yake alitembea kama mtu mwenye macho yake mawili mazima, na fimbo hakutaka hata kuisikia. Siri ilikuwa sakafuni. Kutoka kitandani hadi karibu na mlango wa mbele alikuwa ametandaza vizulia alivyovishona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa, akavipita pekupeku. Kando ya kitanda kilikuwepo cha koti zito la marehemu mumewe. Mlangoni mwa bafu, cha sare za shule za wanawe, chenye mishono minene ya marinda. Jikoni kilikuwa cha gunia la unga, na kwenye korido cha gauni lake la harusi, laini kabisa.

"Hapa naolewa," angesema akikanyaga. "Hapa nina watoto watatu wananililia njaa. Hapa mzee ananiuliza chai yake iko wapi, kama vile yeye hana mikono."

Kiwiko alimfuata nyuma, mkono tayari bila kumgusa. Aliipenda safari ile fupi kuliko kazi zote alizowahi kufanya.

Ndipo alipokuja mkaguzi wa shirika, wa kwanza kufika nyumbani humo. Alikuwa kijana mpole, mwenye fomu ya maswali arobaini na rula mfukoni. Maji yalikuwa na joto sahihi, dawa zilikuwa kwenye kisanduku chake, glavu zilitosha. Kisha akatazama chini.

"Kanuni ya kumi na nne," alisema. "Pasiwe na zulia dogo sakafuni. Nitarudi baada ya wiki mbili. Nyumba isipopita, samahani, huduma itasimama."

Binti wa bibi, aliyekuwepo siku hiyo, alishusha pumzi. "Basi mama atahamia kwangu. Ghorofa ya nne, lakini ni pasafi."

"Na huko nitatembea wapi?" bibi akauliza.

"Utakaa vizuri, mama. Kila kitu utaletewa."

Bibi akageuza uso alikodhani Kiwiko amesimama. "Mwanangu, mwambie huyu kijana. Kuteleza si kuanguka."

"Kwa umri wako, Bibi," Kiwiko alijibu kwa sauti ndogo, "kuteleza ndiko kuanguka."

Bibi akaonekana kama mtu aliyesalitiwa. Kiwiko aliumia, lakini angesema nini? Kanuni ile, aliyojifanya kuisahau miaka yote tisa, ilitoka mkononi mwake. Miaka kumi na miwili nyuma alikuwa akimhudumia mzee mmoja mcheshi, fundi saa, aliyependa kumsindikiza hadi mlangoni kila jioni. Jioni moja kidole chake cha mguu kilinasa ukingo wa zulia. Akavunjika nyonga, na kitandani alikolazwa hakuinuka tena. Kiwiko aliandika ripoti ya kurasa tatu huku akilia. Mwaka uliofuata shirika likatoa mwongozo wake wa kwanza, na chini ya namba kumi na nne akayakuta maneno yake mwenyewe. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na safari hii ulimrudia aliyeunoa.

Kwa hiyo alivikunja vizulia vyote, akavirundika chumbani juu ya cherehani.

Kesho yake alibisha mara tatu, akasubiri. Alibisha tena. Kwa mara ya kwanza akautoa ufunguo; komeo halikuwa limefungwa. Alimkuta bibi katikati ya korido, kiganja ukutani.

"Hii nyumba ya nani?" bibi aliuliza.

"Yako, Bibi."

"Si yangu. Kote baridi, kote sawasawa. Nimesimama hapa tangu alfajiri."

Tangu hapo hakutoka tena kitandani bila kushikwa. Ufunguo ukafanya kazi kila siku, na kila ulipozunguka kitasani Kiwiko aliona aibu kama anayeingia nyumba ya watu. Aliikumbuka ile "umechelewa". Usalama gani huu, alijiuliza, wa mtu kulazwa akiwa mzima?

Siku ya nne alivua viatu, akafumba macho, akajaribu kutoka chumbani hadi bafuni. Alijigonga kwenye kabati, akajigonga mlangoni, akatukana kidogo. Bibi akacheka kitandani kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Mwenye macho haambiwi tazama," bibi alisema. "Wewe gonga tu."

Kiwiko akakaa sakafuni akisugua goti, akifikiri. Fundi saa hakuuawa na zulia. Aliuawa na ukingo ulionyanyuka. Ripoti ilisema hivyo, na aliyeiandika ni yeye.

Wakaanza kazi. Bibi, kwa vidole tu, alifumua pindo nene na kuzishona upya zikalala bapa. Kiwiko alileta gundi kwa fundi viatu, akavibandika vizulia juu ya saruji, kila kimoja kikishika chote, kuanzia katikati hadi pembeni. Na kwa kuwa mkaguzi angerudi, akavipanga vipendeze: sare za shule za buluu akaziweka jikoni zifanane na kabati, gunia akalisogeza bafuni lisionekane. Alijisifu sana jioni ile.

Asubuhi, Kiwiko alipofika, bibi aliamka akitaka kwenda haja. Alipita vizuri, akakanyaga marinda, akageuka kwa furaha, akaanza kupandisha gauni mbele ya jiko.

"Bibi! Bibi, hapo jikoni!"

"Jikoni? Miguu yangu haijawahi kunidanganya. Nani kahamisha watoto wangu?"

Walicheka mpaka ikabidi wote wawili wakimbilie chooni. Kisha Kiwiko alipiga magoti na kisu, akavibandua vile viwili kabla gundi haijakauka vizuri, akavirudisha kwao. Safari hii alimwuliza bibi kwanza kila kimoja kikae wapi.

Mkaguzi alirudi. Alichuchumaa, akajaribu kupenyeza rula chini ya kila ukingo. Haikuingia. Akakuna kichwa.

"Fomu ina visanduku viwili tu. Yapo, hayapo."

"Kanuni hiyo niliisababisha mimi," Kiwiko alisema, akamsimulia habari za fundi saa bila kujitetea. "Sitaki mwingine aanguke. Lakini huyu nikimng'olea njia, nitakuwa nimemwangusha kwa namna nyingine. Mwangalie atembee, halafu uandike ulichokiona."

Bibi akainuka peke yake. Akapita kwa mumewe, akawapita watoto wake, akaolewa tena kwenye korido. Karibu na mlango wa mbele palikuwa na ngazi moja ya kushuka ambayo siku zote aliivuka kwa kubahatisha. Hapo akasita, akapapasa kwa kidole cha mguu.

"Hiki sikijui. Kigumu. Cha nani?"

"Sare yangu ya zamani, Bibi, nimeibandika jana. Niliivaa siku aliyoanguka yule mzee. Ukiikanyaga simama, shika ukuta, ndipo ushuke."

Bibi alisimama juu yake muda mrefu. Akashika ukuta, akashuka. Mkaguzi akaandika pembeni mwa visanduku, kwa herufi ndogo: *Yapo. Yameshikwa. Nimeona.* Kisha akatia saini.

Kesho yake Kiwiko alibisha mara tatu. Mkono ulikuwa tayari mfukoni. Ndani kimya, kisha miguu ikaanza kuja, polepole, ikapita korido, ikafika pale pagumu. Ikasimama. Kiganja kikasugua ukuta, mguu mmoja ukashuka, na wa pili.

Komeo likavutwa.

"Umechelewa," bibi alisema.

"Nisamehe, Bibi," Kiwiko akajibu, na kwa mara ya kwanza aliona ni kweli: ngazi ile ilikuwa imemngoja miaka tisa.